Mbuzi wa Akika Tanurini

Mimi kusubiri sijui. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa njia ya shambani kwa sababu nilikataa kungoja afike nyumbani. Dada yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, alizoea kufunika sufuria ya wali na kuweka jiwe juu ya mfuniko. Jirani akimuuliza kama paka wake ni mwizi, anajibu, "Paka hana neno. Jiwe ni la huyu." Nayaeleza haya mapema ili msomaji asije akanihurumia pasipostahili, maana nitakayoyasimulia yalitokana na haraka yangu mwenyewe, na haraka hiyo ninayo hadi leo na mvi zangu.

Nilipomaliza ualimu Korogwe nilipangiwa shule ya msingi katika kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mazingara, Handeni. Kwa bahati ndicho kijiji alichohamia dada na mumewe. Watu walikuwa wametolewa kwenye vitongoji vyao vya zamani na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, na kule walikotoka kulibaki mahame: kuta zilizoanguka, mipapai iliyojiotea, mashimo ya taka. Kila mtu kijijini alikuwa na kitu alichokisahau mahame. Mmoja jiwe la kusagia, mwingine kaburi la mama yake. Watu walikuwa wakienda na kurudi kila wiki, wasionekane kuwa wamehama wala kuwa hawajahama.

Siku hizo kila shule ilitakiwa kuwa na mradi wa kujitegemea. Wenzetu walifuga kuku. Sisi tulikuwa na shamba la mahindi yaliyodumaa, majani yake yameingia rangi ya zambarau. Bwana shamba alikuja na pikipiki, akachuma jani moja, akasema ardhi hii imekosa fosfati na mbolea imekwisha agizwa. Mwaka uliofuata akaja tena, akachuma jani, akasema maneno yale yale. Nilitamani kumnyang'anya hilo jani.

Nikakumbuka somo la mkufunzi wetu wa sayansi kule chuoni. Alituambia mfupa umejaa fosfati, imeshikana na chokaa kwa namna ambayo maji hayaitoi kirahisi. Ukiuchoma sawasawa, nyama, mafuta na harufu vyote vinaondoka, kinachobaki ni ule ujiwe wa mfupa wenyewe, mweupe, na ukiusaga unakuwa chakula cha mimea. Miaka mingi baadaye, nimekwisha staafu, nililiona jina la ujiwe ule kitabuni: haidroksiapatiti. Nikajaribu kulitamka peke yangu jikoni hadi wajukuu wakaja kuchungulia. Wakati ule tuliuita jivu la mifupa, ingawa si jivu hata kidogo, maana jivu linapeperuka na ule unga ni mzito, unatua ulipouweka.

Nikawaambia wanafunzi kila mmoja alete mifupa. Wakaleta ya kila aina na kutoka kila pembe. Nikaichoma kwa kuni nyuma ya shule, uvundo ukaenea kijiji kizima, mbwa wakakusanyika, na nilichokipata ni vipande vyeusi kwa nje na kijivu kwa ndani. Nikavisaga hivyo hivyo. Nusu nikampelekea mkufunzi kwa dereva wa lori, nusu nikasema tutie shambani.

Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji aliponiita. Alikuwa mzee mpole mwenye kofia ya kufuma, na upole wake ulinichosha zaidi kuliko ukali wa wengine.

"Mwalimu, hiyo mifupa imeokotwa wapi?"

"Kila mahali, mzee."

"Kila mahali kuna nguruwe," akasema.

Nikacheka, na nilikosea kucheka. Fundi wetu wa matofali, mzee aliyekuja zamani kama manamba, kibarua wa mkataba, kwenye mkonge wa Mkumbara, alikuwa Mkristo, na yeye na wenzake walitega nguruwe pori. Wanafunzi walikuwa wameokota mifupa hata nyuma ya nyumba zao. Nikamweleza mwenyekiti kwamba moto hauachi unajisi wala usafi, unaacha madini tu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mimi sibishani na moto, mwalimu. Nabishana na kulishwa nisichokijua. Tuletee mifupa ya mnyama wa kuchinjwa, anayejulikana, nasi tutayala hayo mahindi."

Wiki hiyo hiyo barua ya mkufunzi ikafika. Aliandika kwamba unga wangu haumwambii kitu, umechanganyika, mwingine umeungua na mwingine haujaungua. Nimletee mifupa ya mnyama mmoja ninayemjua, mizima, iliyochomwa ikawa nyeupe hadi ndani, na mmojawapo niusage. Ataupima mbele yangu na kuniandikia cheti cha kumwonyesha mwenyekiti. Mwishoni akaongeza kwamba mwisho wa mwezi anahamishwa. Zilibaki kama wiki mbili. Mwingine angesema basi, tutapata mkufunzi mwingine. Mimi kesho yake nilichukua jembe nikaenda mahame.

Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu wa kawaida. Nikachimbachimba kwenye mashimo ya taka nikapata vipande tu, vimepasuliwa vyote, maana kwetu mfupa hautupwi kabla ya kunyonywa uboho. Jua likawa kali, hasira ikanipanda. Nikaingia upande wa nyumba za ukoo wa shemeji yangu, na nyuma ya ukuta mmoja nikaona ardhi imetitia kidogo, duara dogo, jiwe limewekwa juu. Nikachimba. Nikakuta kitambaa kilichooza kilichokuwa cheupe, na ndani yake mbuzi mzima. Kichwa, shingo, mbavu, miguu, kila mfupa mahali pake, hakuna hata mmoja uliopasuliwa.

Sasa nitasema kweli. Mtu aliyekulia katika nyumba ya Kiislamu anapokuta mifupa ya mbuzi haijavunjwa, imefungwa kwa kitambaa cheupe, imezikwa kwa jiwe, hahitaji kuelezwa. Ni mbuzi wa akika. Mtoto akizaliwa anachinjiwa mbuzi, nyama inatolewa mfupani kwa kutenganisha viungo kwa kisu bila kuvunja kitu, kisha mifupa inazikwa kwa heshima, kwa kuombea viungo vya mtoto visalimike. Nilijua hayo tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nikaifanyia akili yangu hila. Nikajiambia huyu ni mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa, wenyewe wamemfukia. Na mwenyekiti nikaenda kumwambia ni mbuzi wa kuchinjwa, safi, wa upande wa shemeji. Mbuzi mmoja nikampa vifo viwili, na vyote vikanifaa.

Nikaiosha mifupa kwa maji ya magadi, nikaianika juu ya paa la banda la shule, nikaipima kwenye mizani ya duka la kijiji. Tanuri la matofali ya darasa jipya lilikuwa limekwisha pangwa. Fundi alikubali kuniachia nafasi katikati, moto unapokuwa mkali zaidi. Tukaipanga mifupa ndani ya chungu kikubwa, tukafunika kwa kigae, tukaziba kwa udongo na kuacha tundu dogo la kupumulia. Akakandika tanuri lote kwa tope, akatia magogo kwenye midomo ya chini, akawasha.

"Siku tatu moto," akaniambia. "Siku nne kupoa."

"Haiwezi kupungua, mzee?"

Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa. "Wewe ukipika ugali unaula unga?"

Siku ya pili ya moto, mchana, nilikuwa darasani nikasikia mayowe kutoka mashambani. Binti wa dada yangu, mtoto wa miaka minne, alikuwa ameanguka kutoka kwenye dungu, lile jukwaa la miti wanapokaa watu kuamia ndege na nyani wasile mazao. Nikakimbia. Nikamkuta dada amekaa chini katikati ya mahindi, mtoto mapajani, na mkono wa kushoto wa mtoto umepinda mahali pasipo na kiungo.

Inabidi ieleweke mtoto yule alikuwa nani. Dada alikuwa amezaa wavulana wawili kabla yake, na wote wawili aliwazika kabla hawajatembea. Huyu alikuwa wa tatu, na baada yake hakupata tena. Dada alikuwa akimwangalia hata akilala, akihesabu pumzi zake.

Nikapiga magoti, nikanyoosha mkono, nikaurudisha, nikasimama tena. Yeye alikuwa ametulia.

"Usihangaike, mdogo wangu," akaniambia. "Utaunga. Mifupa yake ni mizima."

"Mizima vipi, dada, na mkono unaning'inia?"

"Ya akika yake. Wewe ulikuwa chuoni. Nilimsimamia mchinjaji mwenyewe, hata ubavu haukuvunjwa. Nikaipanga kama mbuzi anavyolala, nikaifunga kwa shuka la mama, nikaizika nyuma ya nyumba kule mahame. Iko salama. Utaunga."

Alikuwa akinituliza mimi. Shuka la mama ndilo nililolitupa kichakani kwa ncha ya jembe.

Wakamwita mzee mmoja anayeunga mifupa, akaunyoosha mkono, akaufunga kwa vibanzi na majani. Mimi nikakimbilia tanurini. Moto ulikuwa umepanda, ukichungulia kwenye tundu unaona wekundu unaoelekea njano.

"Mzee, fungua," nikamwambia fundi.

"Nifungue nini?"

"Tanuri. Nataka chungu changu."

Hakuniuliza kwa nini. Akafuta jasho, akasema, "Mwalimu, ukifungua sasa, baridi inaingia na kila kilichomo kinapasuka. Matofali, chungu, na hivyo vilivyomo ndani ya chungu. Ukitaka vitoke vizima, kaa chini."

Sikukaa. Kwa siku tano nilizunguka lile tanuri hadi nikatengeneza njia kwenye majani. Nilifundisha nikiwa nimesimama mlangoni. Nilikwenda kwa dada asubuhi na jioni, nikimshika mtoto paji la uso, naye mtoto alikuwa ananiambia, "Mama mdogo, mbona unapumua hivyo?" Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilijua kwamba mfupa wa mbuzi ulioko ndani ya tanuri hauwezi kuvunja mfupa wa mtoto aliyeko juu ya dungu. Nilijua pia kwamba dungu lilikuwa la miti iliyoliwa na mchwa. Nilijirudia hayo siku nzima na hayakunisaidia.

Siku ya kufungua, fundi alibandua tofali moja moja kwa utaratibu wake wa kuudhi. Chungu kilikuwa na ufa lakini kimesimama. Nikaondoa kigae. Mifupa ilikuwa mieupe kabisa, weupe usiokuwa na unjano wowote, na ilikuwa mizima. Nikainua mmoja, ulikuwa mwepesi, ukiugonga kwa ukucha unalia kama kikombe cha udongo. Nikaugusa kwa ulimi ukanata. Nikakamulia ndimu kwenye chembe iliyobanduka: povu kidogo tu, si ule mchemko wa chokaa. Kila alama aliyotufundisha mkufunzi ilikuwapo. Fundi akasema kwa sauti ya chini kwamba mbuzi wangu ameiva kuliko matofali yake.

Hapo nilipewa nafasi, na ninataka hilo lijulikane. Mifupa ilikuwa mizima. Ningeweza kuibeba siku hiyo hiyo hadi mahame, kuirudisha shimoni, kuweka jiwe, na dada asingejua milele. Lakini jioni ya siku hiyo vidole vya mtoto vilivimba vikawa baridi, shemeji akaamua kesho yake apelekwe hospitali Korogwe. Na mimi nikafikiri: Korogwe. Mkufunzi anaondoka Ijumaa.

Nikaingia kwenye stoo ya shule, nikachukua mfupa mmoja wa mguu wa mbele, nikautia kwenye kinu kidogo cha kutwangia vitunguu. Kwa pigo moja ulikwisha. Nilitazamia ugumu fulani, lakini haukuwapo. Ulisagika kama biskuti kavu. Nilipouvunja nilikuwa najua ni wa nani. Siwezi tena kusema sikujua. Kitu kimoja tu sikukijua, kwa sababu ya haraka: sikuangalia ulikuwa wa mguu wa kulia au wa kushoto.

Tulipata nafasi nyuma ya lori lililokwenda Korogwe na magunia ya mkaa. Shemeji alibaki kulinda shamba. Dada alikaa na mtoto mapajani, mimi na kikapu changu mapajani: ndani yake mmelala unga kwenye karatasi na mfupa mwingine mmoja mzima, nimeufunga kwa pamba. Kila gari liliporuka kwenye shimo, yeye aliuinua mkono wa mtoto na mimi nikakiinua kikapu. Tulifanya hivyo njia nzima, bega kwa bega.

"Umebeba nini cha thamani hivyo?" akaniuliza.

"Vitu vya shule."

"Ehe, wewe na shule yako," akasema, na akatabasamu, mara ya kwanza kwa siku zote hizo.

Hospitali kulikuwa na foleni. Nikamwambia dada nakwenda chuoni mara moja narudi. Alinijibu niende tu, asingeweza kunifunga kamba.

Mkufunzi alikuwa amekwisha funga vitabu vyake kwenye masanduku, lakini alifurahi kuniona. Akauinua ule mfupa mzima kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza, akaukwangua. Akapima unga kidogo, akauyeyusha kwa asidi, ukayeyuka karibu bila povu na bila uchafu wowote chini. Akachuja. Akaongeza dawa ya kupimia fosfati, akapasha moto taratibu, na ndani ya ile gilasi ikatokea rangi ya njano, ikatanda, ikatua, nzito kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

"Umechoma vizuri sana," akasema. "Sijapata kuletewa hivi. Mbuzi wa nani huyu?"

"Wa nyumbani."

Nilifurahi. Naona haya kusema lakini nilifurahi, na papo hapo nilitaka kulia, na vyote viwili vilinijia mara moja nikashindwa kusimama mahali pamoja. Nilikuwa nikizunguka meza yake huku akiandika cheti. Kisha akaniomba nimwachie ule mfupa mzima awaonyeshe wanafunzi wa huko aendako. Mdomo wangu ulikwisha funguka kusema ndiyo. Nikaunyakua mkononi mwake kama mwendawazimu. Nikaomba na unga uliobaki. Akanipa kwenye karatasi, akiwa ameshangaa. Ule uliokwisha yeyushwa alikuwa ameumwaga kwenye sinki, na huo sikuupata.

Nilimkuta dada kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Mtoto alikuwa amefungwa plasta, amelala begani kwake. Daktari amesema mfupa utaunga, damu inapita, ila mkono huenda ukabaki umepinda kidogo.

"Umeona?" dada akasema. "Nilikwambia." Akampapasa mtoto mgongoni. "Nikirudi nitapita mahame kumwangalia mbuzi wake. Nina wasiwasi na fisi. Wasije wakawa wamemfukua."

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimesimama, kikapu mkononi, na sikuweza kuyabeba yale maneno hata hatua moja zaidi.

"Fisi hawakumfukua, dada. Ni mimi."

Nikamweleza yote, haraka haraka, tanuri, chungu, mwenyekiti, mkufunzi. Nilipomaliza aliuliza mambo mawili tu.

"Imevunjika mingapi?"

"Mmoja."

"Ulipouvunja ulikuwa unajua?"

Watu walikuwa wakipita na vyeti vyao. Nikasema, "Nilikuwa najua."

Akamhamisha mtoto kutoka bega la upande wangu akampeleka bega la pili. Hadi tunafika Handeni hakunisemesha.

Siku mbili baadaye alinitumia mtu: nilete mifupa. Tukaenda mahame wawili, yeye mbele na jembe, mimi nyuma na chungu kichwani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kutembea polepole. Nilihesabu kila jiwe la njiani. Shimo alilichimba upya mwenyewe, aliponiona nanyoosha mkono kupokea jembe akalihamishia upande wa pili. Kisha akatoa shuka jipya, jeupe, akalitandika.

Nilijua kinachofuata. Angeipanga kama mbuzi anavyolala, kama alivyofanya mara ya kwanza: kichwa, shingo, mbavu, mguu kwa mguu. Nilijiandaa kusimama pale na kuangalia. Badala yake alikishika chungu, akageuza uso wake kwenye vichaka, akakiinamisha taratibu. Mifupa ikateremka yote pamoja, kichwa juu ya miguu, mbavu chini ya taya, kwa mlio ule mwembamba wa vikombe. Nikampa ule mmoja wa kwenye pamba, akauingiza katikati ya mingine bila kuutazama. Nikampa karatasi ya unga, akaumimina juu. Akazikusanya ncha za shuka, akafunga, akafukia, akaweka jiwe.

Kile kitendo kiliniuma kuliko kofi. Nilidhani ananiambia: umeifanya takataka, basi naizika kama takataka. Kwa miaka mingi niliamini hivyo.

Cheti kilimridhisha mwenyekiti. Tulichoma mifupa ya ng'ombe wa kuchinjwa mara mbili zaidi, ya mnadani, kila mtu akijua imetoka kwa nani, tukaisaga na kuitia shambani. Msimu uliofuata majani hayakuwa ya zambarau, ingawa mvua nayo ilikuwa nzuri, kwa hiyo siwezi kuapa. Watu walinipongeza. Dada hakula mahindi yale wala hakusema kwa nini. Alinijibu salamu, alinipa chakula nikifika, hakuwa mkali. Ila jiwe juu ya mfuniko hakuliweka tena, na mimi nililitamani.

Plasta ilipotolewa mkono ulikuwa umepinda kidogo, kama daktari alivyosema. Mtoto hakujali. Alikua, akasoma, akaolewa Korogwe, na mkono ule ule umebeba ndoo na watoto watano. Mimi ndiye niliyekuwa nautazama. Kila aliponyoosha mkono kupokea kikombe nilijiuliza swali lile lile: kulia au kushoto? Mwalimu mzima wa sayansi, nimefundisha darasa baada ya darasa kwamba kitu hakiwezi kusababishwa na kisichokigusa, na usingizini naona mguu wa mbuzi na sijui ni upande gani. Mara mbili nilipita mahame nikiwa na jembe, nikitaka kufukua nihakikishe. Mara zote mbili nilirudi.

Mwaka jana dada alikuwa amekaa uani kwake anapepeta mchele, mimi nimekaa karibu nachambua. Sote wawili sasa ni wajane. Nikajikuta nimeuliza, bila kupanga.

"Dada, siku ile mahame. Kwa nini hukuipanga ile mifupa?"

Aliendelea kupepeta.

"Ningeipanga, ningeliona pengo," akasema. "Ningejua ni mguu gani uliovunja. Ungekuwa wa upande wa mkono wa mwanangu, ningekuchukia mpaka ninaingia kaburini. Na mimi nina mdogo mmoja tu." Akapuliza makapi. "Wewe uliangalia?"

"Sikuangalia."

"Basi."

Akanimiminia mchele mwingine kwenye sinia. Nikauchambua punje kwa punje, nikakaa pale pale hadi ulipokwisha.